Msikiti Uliofunika Kahawa

Mwanamke akiachwa, watu huuliza ametoka na nini. Mwenye bahati hutoka na watoto, mwenye ujanja hutoka na kiwanja. Miriamu alitoka na picha.

Ilikuwa picha kubwa, pana kama mlango uliolazwa chini, imechapwa juu ya kitambaa kigumu cha turubai, ya zile zinazotundikwa sebuleni juu ya makochi ili mgeni akiingia ajue amefika kwa watu. Ndani yake umesimama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ule wa kale: nguzo za mawe, matao yaliyofuatana kama migongo ya ng'ombe wanaokunywa maji, makuba ya mviringo, na upande mmoja, ambako paa lilianguka zamani, anga la buluu linachungulia ndani. Katikati kuna tao moja linalozidi mengine kwa urefu, na ndani ya tao hilo kivuli. Ukiitazama picha ile kwa muda, jicho haliendi kwingine. Linaingia pale penye kivuli.

Aliyeileta ni Shamte, mumewe. Shamte alikuwa mtu wa Kilwa aliyefuata kazi Tunduma, kazi ya kushughulikia mizigo ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Ijumaa moja aliingia na picha kwapani, imekunjwa kama mkeka, akaitandaza kitandani na kusimama pembeni akisubiri kusifiwa.

"Mbona msikiti wenyewe hauna paa?" Miriamu aliuliza.

Shamte alicheka mpaka akakaa. "Wewe Mnyiha wewe! Huu ulishaswaliwa kabla babu wa babu yako hajajua kahawa ni kitu gani. Mabati yenu ya Igamba yataoza mangapi, mawe haya yapo tu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha, inanyesha. Utaona mwenyewe. Nitakupeleka." Akaweka kidole pale kwenye kivuli. "Tunaingia hapa. Ukisimama chini ya kuba kubwa ukataja jina lako, linakurudia. Kama vile kuna mtu ndani anaitika."

Miriamu alikitazama kile kidole, na tangu siku ile neno hilo halikumtoka. Mtu amezaliwa, amekua, ameitwa maisha yake yote ili atumwe maji, atumwe kuni, atumwe mboga. Halafu anaambiwa kuna mahali duniani ukijitaja wewe, unaitikiwa wewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Alinanuswe. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa Igamba, kule Mbozi, mtu wa kanisa, mkali kwa watoto na mpole kwa miche. Shule alimpeleka mtoto wa kiume, Osea, aliyezaliwa nyuma ya Alinanuswe. Huyu binti alibaki kuchuma. Baba alisema kahawa haimuulizi mchumaji kama anajua kusoma. Basi Osea akajua kusoma, na Alinanuswe akajua kuitofautisha kahawa iliyoiva na iliyobabuka hata akiwa amefumba macho, elimu ambayo hakuna aliyemwita mbele kumpigia makofi kwa ajili yake.

Alipokuwa mtu mzima alishuka Tunduma kupikia madereva. Huko akaonana na Shamte, wakapendana, akasilimu, akaitwa Miriamu. Osea alinuna msimu mzima. Mama yao, aliyekuwa bado hai, ndiye aliyezima moto. "Miriamu hata sisi tunaye kwenye Biblia," alisema huku akichochea kuni. "Sasa hapo amepungukiwa nini?"

Waliishi vizuri, na hilo ndilo linalouma. Mwanamume akiwa mbaya tangu mwanzo, ukiachwa unapumua. Shamte hakuwa mbaya. Aliporudi na vumbi la malori alikuwa akikaa mlangoni akamsimulia Kilwa, mchanga wake, embe zake, bibi yake aliyekuwa akiswali na kuku mgongoni. Miriamu alipika wali na maharage, asubuhi kwa madereva, jioni kwa mume, na masufuria yale yakajenga nyumba kule Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, tofali baada ya tofali. Nyumba iliandikwa jina la Shamte. Yeye hakuona haja ya kuuliza. Ukimpa mtu mwili wako, utamwuliza habari za tofali?

Fundi aliipigia picha fremu ya mbao, ikapanda ukutani sebuleni. Kila asubuhi Miriamu aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akianza na makuba, akishuka kwenye nguzo, akimalizia kwenye lile tao. Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliokuja kununua mchele kwake walisimama kuitazama.

"Bamayo, hii ni kanisa?"

"Msikiti, mama. Wa kwetu Kilwa."

"Wewe umefika?"

"Mwaka huu tunakwenda."

Mwaka ule walikuwa waende baada ya Ramadhani. Baadaye ikawa mpaka foleni ya malori ipungue. Baadaye tena ikawa mwakani, na mwakani ina ndugu wengi. Mimba zake zilikuja na kutoka, hakuna iliyokaa. Shamte hakusema kitu, lakini alianza kuchelewa kurudi, na mwanamume asiyesema kitu huku anachelewa amekwisha kusema.

Habari aliipata kwa jirani, jikoni kwa jirani, kwenye simu ya jirani. "Mama, hebu tazama, huyu si baba Shamte?" Alikuwa yeye, kavaa kanzu mpya, anatabasamu. Pembeni yake binti mdogo aliyejifunga mtandio wa rangi ya maboga, mkono mmoja kauegemeza kwenye jiwe. Nyuma yao tao refu. Ndani ya tao, kivuli.

Miriamu alilijua tao lile kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Alilipangusa vumbi miaka yote ile, na leo limeegemewa na mwingine. Aliirudisha simu kwa mwenyewe, akasema chumvi imezidi kwenye mboga ile, akaenda zake nyumbani.

Talaka ilikuja kwa simu vilevile, Shamte akiwa mahali penye honi za malori, akirudiarudia, "Unanisikia? Unanisikia?" Alikuwa anamsikia. Siku zilizofuata akaja ndugu wa mume na kufuli. Alimwambia achukue vitu vyake. Miriamu alizunguka ndani ya nyumba aliyoipika yeye mwenyewe, tofali baada ya tofali, akitafuta kilicho chake. Akapanda juu ya kochi, akaishusha picha, na kwa kuwa fremu isingeingia kwenye gari, akazing'oa pini kwa kisu cha jikoni. Akaikunja, akaifunga kwa kamba ya katani, akatoka.

*

Igamba alimkuta Osea ndiye mwenye nyumba. Wazazi walikuwa wameshalala chini ya migomba. Osea alikuwa mzee wa kanisa sasa, mwenye koti la kijivu na kikohozi cha heshima, na mkewe, Marta, mwanamke mnene mwenye maneno mepesi, alikuwa ndiye mwenye jiko. Hawakumfukuza. Walimpa chumba kilichopakana na ghala ya kahawa, kitanda na blanketi zito, kwa maana baridi ya Mbozi haimtanii mtu. Lakini siku ya kwanza tu, alipoifungua ile kamba na kuanza kuikunjua picha ukutani, Osea alisimama mlangoni.

"Hapana, dada."

"Nini hapana?"

"Picha ya msikiti haipandi ukutani kwenye nyumba ya baba. Wala isikunjuliwe humu ndani. Watu wa jumuiya wanakuja kusali hapa. Ukitaka kurudi kanisani, karibu, jina lako lipo, hakuna aliyelifuta. Ukiwa Miriamu, basi uwe Miriamu kimyakimya."

"Si mungu huyo, Osea. Ni mawe."

"Basi na yakae chini kama mawe."

Ikakaa chini ya kitanda. Kila jioni kabla ya kulala Miriamu aliingiza mkono chini ya kitanda akaigusa, kama mtu anayehakikisha mtoto amefunikwa. Alikuwa amepoteza nyumba, amepoteza mume, na jina lake la pili lilikuwa likiitwa na yeye mwenyewe tu, moyoni. Alichotaka kwa Osea hakikuwa shamba wala chakula. Alitaka ukuta. Upana wa mlango mmoja tu wa ukuta, ambao akiamka atalitazama lile tao na kujua kwamba safari yake haijafutwa, imechelewa.

Na kulikuwa na jambo la nyama. Kuku walikuwa wengi uani, lakini aliyewachinja ni Osea, na Miriamu hakula kilichochinjwa na Osea.

"Nimemwombea kuku huyu kabla sijamchinja," Osea alimwambia siku moja, kisu bado mkononi. "Nimemwombea kwa jina la Mungu. Bado tu mnakataa?"

"Nipe nichinje mwenyewe. Nitakula hata miguu."

"Kwenye boma hili kisu nashika mimi."

"Basi nishike mboga."

Akashika mboga mwaka mzima. Marta alimcheka kwa upole: "Wifi, utaota mabua. Sungura mwenyewe hali majani kiasi hicho." Miriamu alicheka pia, lakini harufu ya mchuzi ilipopita chini ya mlango wa chumba chake, aliugeukia ukuta.

*

Ilipokaribia Idd ya kuchinja, kahawa ikiwa imepamba moto kuchumwa, aliaga kwenda Tunduma. Alisema anakwenda kuswali na wenzake, na ilikuwa kweli. Lakini alikwenda pia kwa ajili ya nyumba. Shehe mmoja mwema alikubali kumwita Shamte waketi wasikilizane. Shamte aliitikia kwenye simu kwa adabu zote: naam, shehe, wiki ijayo, inshallah. Wiki ijayo ikaja bila yeye. Ikaja nyingine. Miriamu alilala kwa rafiki yake, akimsaidia kuosha masufuria, na kila baada ya swala ya adhuhuri alikwenda kukaa kwenye benchi la nje ya nyumba ya shehe, mikono magotini.

"Haki yako ipo, mama," shehe alimwambia mwishoni, macho chini. "Lakini mtu hakamatwi kwa inshallah."

Siku ile aliyokata tamaa alipita Mpemba, hakuweza kujizuia. Pazia lilikuwa jipya. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka barabarani aliuona ukuta wa sebule. Pale ilipokuwa picha palikuwa na alama ya mstatili, rangi yake mbichi kuliko kwingine. Hawakuwa wameweka kitu. Akapanda gari.

Aliteremka Igamba mchana, jua la baridi lipo juu, ua mzima unanuka kahawa mbichi. Marta alikuwa kwenye kivuli cha ghala akichambua. Wakasalimiana, akapokelewa mzigo, akaulizwa habari za huko, akasema nzuri. Aliingia chumbani, akavua viatu, akainama na kuingiza mkono chini ya kitanda.

Akauingiza tena mpaka begani.

"Wifi," aliita akiwa mlangoni. "Kulikuwa na kitu chini ya kitanda changu."

"Kitu gani?"

"Kimekunjwa. Kimefungwa kwa kamba ya katani."

"Aa, lile bango!" Marta hakuinua hata kichwa. "Wifi, limetuokoa, we acha tu. Turubai letu ndama amelitafuna nusu. Umande wa mwaka huu nao! Ningekuwa sina lile, kahawa yote ingeota ukungu."

Miriamu alivuka ua. Kwenye kichanja cha mwisho, kile kirefu karibu na migomba, kahawa ilikuwa imefunikwa, kama inavyofunikwa kila mchana ili jua kali lisiipasue, na kila jioni ili umande usiilowanishe. Juu yake, uso umetazama mbinguni, ulilala msikiti wa Kilwa. Kila pembe ilikandamizwa kwa jiwe, na jiwe la tano, kubwa na bapa, lilikuwa katikati ili upepo usiinue.

Alisogea akashika ukingo wa kichanja.

Jua lilikuwa limeila picha. Anga la buluu halikuwepo tena, limekuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Makuba yamebaki kama mtu aliyeyachora kwa kidole kwenye majivu. Ulenda wa kahawa, ule utelezi wake, ulipenya kutoka chini, ukaacha mabaka ya kahawia juu ya nguzo, na mahali pengine kuku walitembea na kuacha walichoacha.

Marta alikuwa amemfuata, ungo bado mkononi. "Wifi? Kuna nini?"

"Marta, umewahi kuona bango lenye nguzo?"

"Nimeona lenye chupa za bia. Nimeona lenye simu. Kwa Timotheo pale chini wanaanika mahindi juu ya uso wa mgombea, mahindi yanamtokea puani. Kila mtu huku anaanika juu ya mabango, wifi. Mimi ningejuaje? Nikasema hata nilitandaze uso juu, rangi isije ikagusa kahawa, chama cha ushirika wakaikataa."

"Uliishi na picha yangu mwaka mzima, hukujua?"

"Nilijua una picha. Picha mimi naijua ina kioo! Mume wangu alikataza isikunjuliwe ndani. Sijawahi kuiona uso wake hata siku moja."

Ulikuwa ukweli. Na ukweli ni kitu kibaya ukiwa na hasira, unakunyang'anya fimbo mkononi. Miriamu alibaki na hasira isiyokuwa na mtu wa kuipokea, mpaka pikipiki ya Osea ilipoingia uani.

Osea alisikiliza akiwa bado amekaa kwenye pikipiki. Akakohoa kile kikohozi chake. "Pole, dada. Lakini tusikuze mambo, ni turubai. Nikienda Tunduma nitakutafutia jingine. Hata lenye msikiti mpya, wenye paa."

Hapo ndipo Miriamu alipofungua mdomo.

"Osea. Aliyetakiwa kunipeleka pale alimpeleka mwingine. Nyumba niliyoijenga kwa mwiko wangu analala mwingine. Nikarudi hapa. Je, nilikuomba shamba la baba? Je, nilikuomba hata mche mmoja? Kahawa yako nimeichuma mpaka kucha zimebadilika rangi. Niliomba ukuta. Ukasema hapana, mawe yakae chini. Ukuta umeninyima mimi, halafu picha yangu umeipa kahawa."

"Sikuitoa mimi."

"Wewe ndiye uliyesema isionekane. Kitu kisichoonekana hukanyagwa."

Ndama alilia nyuma ya ghala. Miriamu aliondoa mawe ya pembeni, moja moja, akayaweka chini. Alipoliinua lile bapa la katikati, mkono wake ulisimama hewani. Chini ya jiwe rangi ilikuwa nzima. Jua halikufika pale, umande haukufika. Lilikuwa tao, na ndani yake kivuli, cheusi na kibichi kama siku ile Shamte alipokiwekea kidole.

Akaikunja picha, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

*

Siku zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Alichuma, alizungusha mashine ya kumenya, aliosha, aligeuza. Lakini chakula alikula chumbani, na salamu aliitikia nusu. Na picha aliikunjua kitandani mchana kweupe, na mlango akauacha wazi. Osea alipita, akaona, akaendelea na njia yake.

Kwao Igamba mwenye kosa haendi na mdomo mtupu. Pole ya maneno ni ya kumpa mgeni njiani. Ndugu huenda na kuku, yule aliyekosewa akimla ndipo jambo limekwisha, asipomla bado lipo, na watu wataulizana kwa nini lipo. Miriamu alilijua hilo, na aliwasikia kupitia ukuta, Marta hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Ukimchinja wewe hatakula."

"Basi asile."

"Asipokula, radhi yangu haijapokelewa. Utakwenda kumwambia nini mchungaji? Kwamba nyumba ya mzee wa kanisa ina ugomvi usiokwisha kwa sababu ya kisu?"

Osea alikohoa. Akakohoa tena. Baadaye Miriamu alisikia hatua zake zikitoka nje na pikipiki ikiwaka, ingawa Osea hakuwa na safari.

Marta alitokea mlangoni, kwapani ana jogoo mwekundu, mkubwa, yule aliyekuwa akiringa juu ya ghala. Hai. Mkono wa pili alishika kisu, mpini ameuelekeza kwa Miriamu.

"Wifi," alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayakuwa mepesi kinywani mwake, "mimi ni mjinga wa picha. Pokea."

Miriamu alikitazama kisu. Alikuwa hajawahi kuchinja maishani mwake. Kule Mpemba aliyechinja ni Shamte, na huku kisu kilikuwa na mwenyewe. Alisimama, akakipokea.

"Mshike miguu. Asikuchape."

Wakatoka uani. Alimwelekeza jogoo upande wa kaskazini, kwenye kibla, akakiweka kisu shingoni, akakiondoa, akakiweka tena, mpaka Marta akamwambia, "Wifi, kama unaogopa yeye afanyeje?" Akataja jina la Mungu kwa sauti, uani kwa baba yake, mahali ambapo kwa mwaka mzima alikuwa akilitaja kwa midomo tu. Kisu kikapita.

Walikula watatu. Osea alirudi wakati mchuzi unapakuliwa, akanawa, akasali sala yake kimya, akachukua paja. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Bismillahi yako haijaharibu mchuzi," alisema.

"Na amina yako haijauongezea chumvi," Miriamu akajibu, na Marta akapaliwa kwa kicheko ikabidi apigwe mgongo.

Osea alipangusa mikono. Alikuwa akitazama kule mwisho wa ua, kwenye kijumba cha udongo alichokuwa akipikia mama yao, ambacho tangu afe kilibaki na majembe mabovu na makapi. "Mimi neno langu silirudishi," alisema polepole, kama anayesoma. "Nilisema nyumba ya baba. Nyumba ya baba ni hii. Lile ni jiko, na jiko halikuwa la baba. Baba alikuwa haruhusiwi hata kufunua chungu mle." Akainuka, akachukua koti lake. "Misumari ipo ghalani. Ikipungua, sitajua nani kaichukua."

Miriamu alitoa majembe, akafagia makapi, akachimba udongo mweupe kule bondeni na kuusiriba kwa viganja vyake, ukuta mzima, akirudia mpaka ukawa laini kama shavu. Ulipokauka akaitundika. Marta alishika upande mmoja na kulalamika kuhusu mabega.

Wakarudi nyuma kutazama. Haikuwa picha ile tena, na mtu asidanganywe. Kilwa ilikuwa imeondoka na buluu yake. Anga lilikuwa jeupe, na makuba yalitoka kwenye weupe ule kama miti ya Igamba inavyotoka kwenye ukungu wa asubuhi, nusu ipo, nusu unaikumbuka tu. Lile tao pekee lilikuwa limekolea, lenye kivuli chake.

"Humo ndani kuna nini, wifi?" Marta aliuliza.

"Wanasema ukisimama chini ya kuba ukataja jina lako, linarudi."

"Kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

Marta alisogea. Akaweka viganja pembeni mwa mdomo, akaliinamia lile tao na kuita kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Martaaa!" Akatega sikio. Nje kuku walishtuka. "Halirudi."

"Hujafika, wifi."

"Na wewe?"

"Na mimi sijafika."

Marta alicheka, akampiga bega, akasema kahawa haitajigeuza yenyewe, akatoka. Miriamu alibaki. Aliupeleka uso wake karibu na kile kivuli, karibu mpaka akanusa kahawa iliyobaki kwenye turubai. Akafungua mdomo. Majina yote mawili yalikuwa pale kwenye ulimi, yanangoja.

Akaufunga. Jina la kuita kule Kilwa hakutaka kulipoteza kwenye ukuta wa jiko. Alilimeza, likamkaa kooni, akajifunga kanga vizuri na kwenda kugeuza kahawa.